Mabega Thelathini

Wifi yangu alikuwa mtu wa kutia hasira, na mniache nilitoe hilo kwanza kabla sijasema mengine. Unarudi nyumbani saa nane mchana siku ya mapumziko, jua linawaka mpaka kuku wamejificha, unaingia sebuleni unakuta giza. Mapazia yameshushwa, mlango umerudishwa, na yeye kakaa kwenye kona na kofia kichwani. Kofia, ndani ya nyumba! Ukimuuliza anakujibu polepole kwamba mwanga unamchoma. Mkeka wa mistari alionunua kaka yangu aliugeuza siku ile ile, mgongo wake ukawa juu. Shati langu la michirizi aliniomba nisilivae tukiwa tunakula pamoja. Nikamwambia, "Wifi, na sura yangu je? Niivue pia?"

Akacheka. Ndilo lililokuwa likiniudhi zaidi, huwezi kugombana na mtu anayecheka.

Mimi ni dada wa mumewe. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi kwa kaka, nikapewa chumba cha nyuma, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Kazini wananiita Redio kwa sababu sizimiki. Yeye walimwita Kofia. Tulifanya kazi karakana moja ya kushona sare: cherehani kumi na moja, pasi mbili, na meza moja ndefu ya kukatia, na meza hiyo ilikuwa yake. Mimi nilikaa kwenye cherehani ya tatu kutoka mlangoni, nikiunga mikono na kola.

Kwa asiyejua kazi yetu nieleze kidogo. Sisi washonaji tukikosea tunaharibu nguo moja, unafumua, unashona upya, maisha yanaendelea. Mkataji anatandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, thelathini kwa mara moja, anachora juu kwa chaki, kisha anapitisha mashine yenye kisu cha duara. Akikosea kakosea thelathini. Ndiyo maana karakana nzima tuliishi kwa mikono ya wifi yangu, na kwa miaka sita haikutokea hata siku moja turudishiwe mzigo kwa sababu yake. Hapo simsingizii wala simsifu bure. Alikata kola nikaiunga bila kuivuta, ikakaa shingoni yenyewe.

Mikono hiyo aliirithi kwa mama yake mdogo, aliyemkalisha chini ya meza akiwa binti wa miaka kumi na mbili aokote vipande na kuvipanga. Ugonjwa wa kichwa nao ulianza umri huo huo. Siku moja alikuwa akitazama bati za paa, zile za migongo-migongo, zikimeremeta juani, akaona vimistari vya kuvunjika-vunjika vinacheza pembeni mwa jicho, vikakua, vikameza nusu ya kila alichokitazama, kisha maumivu yakamwangusha siku mbili. Wakamwambia ana macho mabovu, wakampa miwani. Wakamwambia ana mawazo, wakamwambia ni mvivu. Alishazaa ndipo daktari mmoja akampa jina la ugonjwa wake, kipandauso, akamweleza kwamba kuna watu ambao mwanga mkali na mistari iliyobanana huwachokoza kichwa, na kwamba si deko. Alilirudia neno hilo nyumbani, si deko, huku akinitazama mimi. Nikajitia hamnazo, nikaendelea kuchambua mchele.

Kwani mimi ningejuaje? Kichwa hakina kidonda. Mtu akivunjika mguu unaona mguu. Huyu alilala Jumamosi, siku ya kufua, nikafua mimi. Akalala siku ya wageni, nikapika mimi. Mtoto wake akitaka kucheza, shangazi ndiye wa kumtoa nje ili mama apate kimya. Asubuhi tukienda kazini kulikuwa na uzio mrefu wa nondo zilizosimama, na jua lilikuwa nyuma yake. Ukitembea, mwanga unakuja unakwenda, unakuja unakwenda usoni. Mimi haunisumbui. Yeye alifumba macho na kunishika kiwiko mpaka tuumalize uzio, mimi namwongoza kama kipofu, watu wanatutazama. Kila siku ya Mungu! Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nausema usemi huo kwa watu wengine.

Karakanani alikuwa na taratibu zake. Taa ndefu iliyokuwa juu ya meza yake aliizungushia karatasi ya kaki. Feni ya dari iliyokuwa chini ya taa hiyo hakutaka iwashwe, kwa sababu mapanga yake yalikatakata mwanga. Mwenye karakana, mama mtu mzima, alimwachia. Kazi ilitoka, ya nini kelele?

Kisha mama huyo akaumwa mgongo, akakaa nyumbani, akatuletea msimamizi. Kijana nadhifu, shati limechomekewa, anatazama saa yake kila akimaliza sentensi. Siku ya pili tu tukambatiza Bwana Saa. Siku ya tatu akaleta taa mpya, nyeupe pe, akazifunga dari nzima. Akapanda kiti mwenyewe, akaichana ile karatasi ya kaki.

"Mama, hapa tunaficha nini?" akamuuliza wifi.

Wifi akamweleza. Kwa adabu, kwa kifupi. Bwana Saa akamsikiliza nusu, akanigeukia mimi, maana alishaambiwa tunaishi nyumba moja.

"Ni kweli huyu anaumwa?"

Wenzangu wote wakasimamisha cherehani. Mimi nikiwa na watu wa kunisikiliza, mdomo hauna breki. Nikasema, "Anaumwa siku za kufua."

Walicheka mpaka wa kwenye pasi. Wifi hakucheka siku hiyo. Aliushusha kidogo ukingo wa kofia yake, akaendelea kutandaza.

Mzigo uliokuja wiki hiyo ulikuwa nguo za wagonjwa kwa ajili ya wodi mpya ya hospitali. Seti mia nne, na kitambaa, jamani, kilikuwa cha mistari myeusi na myeupe, myembamba kama njiti ya kiberiti, iliyobanana. Kimekuja cha kutosha tu, hakuna ziada, na duka kilikotoka lilikuwa limekimaliza. Sharti la mteja, mistari ikutane mfukoni na kifuani.

Wifi akakiangalia mara moja, akakifunika. Akabuni njia yake. Alitandaza tabaka zake thelathini, akapitisha pini ndefu kwenye mstari ule ule toka tabaka la juu hadi la chini ili zisiteleze, akachora kwa chaki ya buluu, halafu juu ya kitambaa chote akalaza shuka la kaki lisilo na mistari, akaacha wazi upana wa vidole viwili tu pale kisu kinapopita. Akikata kidogo, anasogeza shuka. Kisu kikifika kwenye pini, anaitoa na kuichomeka mbele. Kazi ilikwenda polepole, lakini vipande vilipotufikia, mistari ilikutana kama imekubaliana.

Bwana Saa akatazama saa. "Mama, unakata au unatandika kitanda?" Akaiwasha feni kwa sababu ya joto.

Siku mbili wifi alikata hivyo, taa nyeupe juu, feni inazunguka, uso wake umekuwa wa kijivu. Siku ya tatu, kama saa tano asubuhi, wenzetu wakiwa uani kwenye chai na mimi namalizia kola, alikuwa ameshachora vipande vya mbele vya kushoto na pini zimeshakaa. Nikamsikia ananiita, nikainuka. Alikuwa ameshikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Wifi, nipe... nipe..." Hakulipata neno. Akaonyesha maji kwa kidole akasema, "Nipe kola."

Nilimpa maji. Nakubali, hata hapo nilifikiri, haya, leo kaongeza na hili. Akaniambia haoni nusu ya meza, upande wa kushoto wote umekuwa vimeremeta. Nikampeleka stoo ya vitambaa ambako hakuna dirisha, akajilaza juu ya marobota, nikamfunga macho kwa kitambaa cheusi, nikafunga mlango.

Bwana Saa alikuwa ametoka kwenda kwa mteja. Washonaji wanne wangerudi kutoka kwenye chai wakute hakuna vipande vya kushona. Nikaitazama ile meza. Imetandazwa, imechorwa, mashine ipo. Nikasema kwa sauti, wala hakuna aliyenituma, "Kwani kukata mistari kuna nini cha ajabu?"

Nilikuwa nimewahi kukata, kanga mbili, mashuka. Nililivuta lile shuka la kaki nikalitupa chini, ili nione vizuri. Pini zilinizuia, nikazichomoa zote. Nikawasha mashine.

Mwanzoni nilikwenda sawa, pembeni, kuelekea juu. Lakini kadiri nilivyotazama, ile mistari ikaanza kutetema. Kisha ikatembea. Naapa ikatembea! Myeusi inapanda, myeupe inashuka, na katikati yake rangi ambazo kwenye kitambaa hazimo, kijani na waridi, na feni inazidi kuzikoroga. Macho yakanitoka machozi. Nikajikaza, nikaukodolea mstari mmoja mweusi nisiupoteze, nikaufuata kwa nguvu zangu zote. Chaki ilipopinda juu ya kwapa kwenda nje begani sikuiona. Mimi nilikuwa nimeushika mstari wangu mweusi, nikanyooka nao moja kwa moja mpaka mwisho wa kitambaa.

Nilizima mashine. Nikainua kipande cha juu. Hakikuwa na bega. Nikainua cha pili. Vyote thelathini, mabega thelathini nimeyakata nikayaangusha sakafuni.

Wenzetu wote walikuwa bado uani kwenye chai. Hakuna aliyeniona. Nikaziokota pini, nikazirudisha kwenye mto wake, nikalikunja lile shuka. Nikakaa kwenye cherehani yangu ya tatu kutoka mlangoni nikashona kola ambayo ilikuwa imeshashonwa.

Bwana Saa aliporudi aliona mwenyewe. Sauti yake ilimwamsha wifi. Akatoka stoo, kitambaa kimepanda kwenye paji la uso, macho mekundu, anayumba. Akaletewa kipande asichokuwa na haja ya kukiona, maana alikipapasa kwa vidole akajua. Akapapasa cha pili, cha tatu.

"Nani amekata?" Bwana Saa akauliza.

Nilikuwa na nafasi pale. Ilikuwa nafasi ndefu, si ya kupepesa jicho. Wifi aligeuza kichwa taratibu, akatutazama sisi sote, akanitazama na mimi. Mimi nikainama kuokota uzi.

Akasema, "Huenda ni mimi."

"Huenda?"

"Kichwa kikinipanda, kuna vitu sivikumbuki." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa nimeshachora. Huenda nilikata."

Nisiwafiche, nilipumua. Mungu anisamehe, nilishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Bwana Saa akamwambia achukue vitu vyake. Akavichukua: mkasi, mto wa pini, chaki tatu za buluu. Njiani nilimshika mkono kwenye ule uzio, ingawa jua lilikuwa limeshapita utosini na hapakuwa na mwanga wa kumsumbua. Alikuwa amefumba macho hivyo hivyo.

Siku zilizofuata sikutulia. Nikikaa nainuka, nikiinuka sijui ninakokwenda. Nilifua nguo za nyumba nzima bila kuambiwa. Nilideki, nikadeki tena. Kaka yangu akaniuliza kama nimepata mchumba. Nilijiambia, acha, atapata karakana nyingine, mkataji mzuri hakosi meza. Na kweli, siku ya tano alikuja fundi mmoja wa mtaa wa pili kumwomba amkatie suti, yuko tayari kumwekea meza sehemu yenye kivuli. Nikashangilia peke yangu jikoni.

Wifi akamkatalia. Akamwambia, "Siwezi kuharibu kitambaa cha watu."

Kaka akajaribu kumbembeleza. Akamwambia kosa moja katika miaka sita si kitu. Wifi akamjibu kwamba si kosa. Kosa unakumbuka ulivyolifanya. "Mimi nilisimama, nikawasha mashine, nikakata mita nzima, na kichwani hamna kitu. Hamna hata kivuli. Sasa mikono yangu inafanya nini nikiwa sipo?"

Nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Nikarudi nalo jikoni.

Kuanzia hapo nikaanza kumwangalia. Hakushika kisu. Vitunguu alimpa mumewe akate, akasema macho yanamuuma. Chai ya moto hakuibeba, aliiacha mezani kila mtu ajichukulie. Jiko akishalizima, analigusa, anaondoka, anarudi kuligusa tena. Kichwa chenyewe, cha ajabu, siku hizo hakikumuuma hata mara moja.

Siku ya kumi na moja, Jumapili asubuhi, nilikuwa nimekaa ukumbini. Mtoto, binti yake wa miaka sita, akaja mbio na mkasi mdogo wa kucha kiganjani.

"Shangazi, mama amesema wewe ndiye unikate kucha."

"Kwa nini asikukate yeye?"

"Amesema anaogopa ataniumiza." Akanyoosha vidole vyake, vyote kumi, akangoja.

Nilimkata. Sijui nilimkataje, maana sikuwa naona vizuri. Kila ukucha ulioanguka nikasema moyoni, mwanamke wewe, una roho ya namna gani?

Jumatatu nilifika karakanani kabla ya wote. Bwana Saa alikuwa anafungua madirisha. Nikamwambia yote nimesimama, bila salamu: shuka nililolitupa, pini nilizochomoa, mstari mweusi niliofuata, uzi niliojifanya kuokota. Nikamwambia pia kwamba ile siku ya kwanza alipouliza kama anaumwa, jibu langu lilikuwa la kuchekesha watu. Hakutazama saa. Aliniuliza, "Na mistari ilitembea kweli?"

Nikamwambia asimame yeye akitazame kile kitambaa kilichobaki, feni ikiwa imewashwa. Akasimama. Hakukaa hata dakika nzima akageuza uso, akajifuta macho kwa leso. Kisha akampigia simu yule mama mwenye karakana. Nami nilisikia sauti ya mama kutoka upande wa pili, kwa sababu alikuwa akifoka. Wifi arudi kesho. Karatasi irudi kwenye taa, feni izimwe. Mimi niondoke kwenye cherehani, nikae kwenye vifungo, na nikileta mdomo, lango lipo wazi.

Sawa. Nilistahili, na vifungo havijamuua mtu. Nilichukua ruhusa nikarudi nyumbani mbio mbio, na niwaambie ukweli, njiani nilikuwa nafurahi. Nilipita kwenye ule uzio karibu kwa kukimbia. Nilikuwa nimebeba habari njema. Nilishamwona wifi analia, ananikumbatia, ananiambia yamekwisha, wifi, ndugu ni ndugu. Nilishajiandalia na maneno ya kumjibu.

Nilimkuta amekaa kwenye kona yake, mapazia yameshushwa. Nikamweleza nikiwa bado nahema. Nilianza na habari ya kurudi kazini, nikamalizia na yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikata wewe," akasema.

"Mimi, wifi. Lakini yamekwisha, wanakuita kesho, na feni..."

"Nilipotoka stoo nikawatazama, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Nikaona anavigeuza viganja vyake juu ya magoti, anavitazama, hiki halafu kile. Nikasogea nimshike. Akavirudisha nyuma.

"Miaka yote hii ulikuwa unanicheka nikiumwa," akasema, "na mimi nilikuwa nacheka na wewe. Unajua kwa nini? Kichwa kilikuwa si changu. Kilinitenda kilivyotaka, nikakiachia. Mikono ndiyo ilikuwa yangu. Kikinipanda, nikiwa sioni, nikiwa sipati maneno, najiambia, mikono ipo, kesho nitaamka niikute. Siku kumi na moja, wifi. Nimelala kitandani na mtoto wangu nimeweka mto katikati, nisije nikamgusa."

Mimi Redio nilisimama pale sebuleni na maneno yangu niliyojiandalia.

Akaniomba nitoke, nimfungie mlango, na nimwite binti yake aje.